Nitrati imegoma kushuka chini ya 80: jibu kwa msomaji wa Uyole

"Habari za kazi, mtaalamu. Tuna tangi la matumbawe hapa Uyole, Mbeya, kwenye mapokezi ya nyumba ya wageni. Ni la lita 360, ukiondoa mawe na mchanga maji yenyewe ni kama lita 300. Lina miaka miwili. Samaki ni sita: Nemo wawili, kangaja mmoja na wadogo watatu. Kuna matumbawe laini na vipande vitano vya matumbawe magumu. Skima (kifaa cha kutoa uchafu kwa povu) ipo na inafanya kazi. Nitrati ni 80 na huu ni mwezi wa tano haitoki hapo. Kila Jumamosi nabadilisha lita 30. Natumia maji ya kisima chetu. Niliyapima yakaonesha 20, nikaambiwa ni salama hata kwa kunywa. Maji hupungua kama lita 4 kwa siku, najazia hayohayo ya kisima. Nalisha unga wa dagaa, robo kijiko cha chai asubuhi na robo jioni. Sponji ya chujio sijaiosha muda mrefu nisije nikaua bakteria. Matumbawe magumu yamegeuka kahawia. Nimeshauriwa niweke siki, nichemshe maji, niagize maji ya bahari kutoka Dar, au nibadilishe nusu ya maji kwa mkupuo. Umeme nao unakatika. Nianzie wapi?"

Ndugu yangu, pole, na ahsante kwa kuandika namba zote. Wengi huuliza "nitrati iko juu nifanyeje" bila kusema maji yanatoka wapi wala samaki wanakula nini, na hapo mshauri anabaki kubahatisha. Wewe jibu la swali lako umeliandika mwenyewe ndani ya swali, ila hukuliona kwa sababu umeambiwa maji ya kisima ni salama.

Tuanze na hofu. Nitrati ya 80, yaani miligramu 80 kwa lita, si dharura. Amonia ndiyo inayoua samaki ndani ya saa au siku chache. Nitrati huchosha viumbe taratibu, na samaki wengi wazima wa baharini huistahimili hata ikipita 100 kwa kipindi fulani. Matumbawe laini nayo ni wavumilivu, mengine hata hupenda maji yenye rutuba kidogo. Wanaolalamika kwanza ni matumbawe magumu, na hiyo kahawia unayoiona ndiyo lugha yao. Ndani ya nyama ya tumbawe huishi mwani wa chembe moja unaomtengenezea chakula kwa mwanga. Nitrojeni ikizidi, mwani huo huzaana kupita kiasi, rangi yake ya kahawia hufunika rangi ya tumbawe lenyewe, na ukuaji wa mifupa hupungua. Tumbawe la namna hiyo halijafa. Maji yakirekebishwa rangi hurudi, ingawa huchukua miezi.

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha 80 ni 80 kweli. Vipimo vya matone vina hila zake. Chupa ya pili ya dawa, au ile ya unga, ina chembe nzito zinazotuama chini. Usipoitikisa kwa nguvu nusu dakika nzima, kipimo hutoa namba ndogo ya uongo. Angalia pia kipimo chako kinasoma nini: vingine husoma nitrati nzima, vingine husoma nitrojeni iliyo ndani ya nitrati tu, na ya pili huzidishwa kwa 4.43 ili kupata ya kwanza. Pima nitriti pia, maana vipimo vingi vya nitrati huigeuza kwanza kuwa nitriti ndipo vinasoma rangi. Kama kuna nitriti majini, hata kidogo, namba ya nitrati hupanda bila haki. Na kwa kuwa kwenye 80 rangi huwa nyekundu tupu, 40 na 80 hufanana machoni. Chukua mililita 1 ya maji ya tangi, ongeza mililita 4 za maji yaliyosafishwa yasiyo na nitrati (usitumie ya kisima, utapima na kisima humohumo), pima, kisha zidisha jibu kwa 5. Ukipata kati ya 15 na 17 kwenye kadi ya rangi, basi 80 yako ni ya kweli.

Tuchukulie ni ya kweli, tulifanyie tangi hesabu ya mapato na matumizi. Kila Jumamosi unatoa lita 30 zenye miligramu 80 kwa lita, yaani miligramu 2,400 za nitrati zinatoka. Kama namba haipandi wala haishuki kwa miezi mitano, maana yake kila wiki miligramu 2,400 zinaingia. Zinatoka wapi? Lita 30 mpya za kisima, kila moja na miligramu 20: hizo ni 600. Maji ya kujazia, lita 28 kwa wiki: 560. Mvuke unaopanda kutoka tangini ni maji matupu, nitrati yote hubaki ndani, kwa hiyo kila ndoo ya kujazia huacha mzigo wake wote. Jumla miligramu 1,160 zinatoka kisimani. Zilizobaki, 1,240, zinatokana na chakula.

Kwa hiyo karibu nusu ya nitrati yako unaimimina mwenyewe kwa ndoo, mojawapo ikiwa ndoo ileile unayoitumia kusafishia. Aliyekwambia maji ni salama hakukosea: kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 za nitrati kwa lita, na 20 iko chini yake kwa mbali. Lakini kwenye miamba ya bahari nitrati kwa kawaida haifiki hata 1. Mtu anaweza kunywa maji hayo maisha yake yote. Tumbawe gumu halistawi kwenye nitrati kiasi hicho. Na Uyole ni eneo la mashamba ya viazi na mahindi. Mbolea za chumvichumvi zenye nitrojeni hushuka na mvua hadi kwenye visima vifupi. Pima kisima tena mvua zikikolea, usishangae ukikuta 20 imekuwa namba nyingine.

Hesabu hiyo inakupa kanuni moja rahisi: chukua miligramu zinazoingia kwa wiki, gawanya kwa lita unazotoa kwa wiki, hapo ndipo nitrati itakapogota. 2,400 kwa 30 ni 80. Ukiongeza kubadilisha hadi lita 60 lakini kwa maji yaleyale ya kisima, zitaingia 1,200 na 560 na 1,240, jumla 3,000. Gawanya kwa 60, utagota 50. Kazi mara mbili, chumvi mara mbili, na matumbawe bado ya kahawia. Ndiyo maana ushauri wa "badilisha maji zaidi" humkatisha mtu tamaa.

Dawa ya kwanza basi ni maji. Unahitaji mashine ya RO (reverse osmosis, kuchuja maji kwa msukumo), ileile inayouzwa kwa maji ya kunywa majumbani, yenye utando mwembamba, na mwishoni uongeze katriji ya resini, punje zinazonasa chumvi zilizopenya. Utando peke yake huzuia sehemu kubwa ya nitrati lakini si yote. Kwenye 20 unaweza kubaki na 1 hadi 3, na resini humaliza. Mahitaji yako ni lita 60 za kubadilisha na 28 za kujazia, kama lita 13 kwa siku, kwa hiyo mashine ndogo kabisa inatosha.

Yapo mambo matatu ambayo wauzaji hawasemi. Kwanza, utando hufanya kazi kwa msukumo wa karibu bar 4. Simtanki lililo juu ya mnara wa mita 3 linatoa bar 0.3 tu, ambayo haisukumi kitu. Nunua mashine yenye pampu yake. Pili, uwezo ulioandikwa kwenye boksi umepimwa kwa maji ya nyuzi 25. Maji ya Mbeya mwezi wa saba yakiwa nyuzi 15 hupunguza uzalishaji kwa karibu theluthi moja, usidhani mashine imeharibika. Tatu, mashine nyingi za kunywa zina katriji ya mwisho ya kurudisha madini ili maji yawe na ladha. Hiyo iruke, chukua maji kabla hayajaifikia. Nunua na kipima TDS (jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka majini), kile kidogo kama kalamu: maji yakitoka kwenye resini yasome 0; yakianza kusoma 3, 4, 5, resini imechoka. Maji yanayotupwa, kama lita 3 kwa kila lita 1 safi, yana nitrati zaidi kidogo ya kisima. Yamwage kwenye bustani ya mboga, yatashukuriwa.

Mpaka mashine ifike, unaweza kununua maji ya madumu kwa wasafishaji wa maji ya kunywa, mradi uende na kipima TDS. Chini ya 10 chukua, kwenye 60 au 100 wameongeza madini. Maji ya betri usiguse. Kwenye maduka ya vipuri jina hilohilo hutumika kwa maji safi na kwa asidi, na chupa hufanana. Maji ya mvua yangekuwa mkombozi wa Nyanda za Juu Kusini, ila yanapita kwenye bati, na zinki inayoyeyuka kutoka kwenye bati ni sumu kwa matumbawe na konokono hata kwa kiasi kidogo sana.

Sasa chakula. Dagaa mkavu ni protini kwa takriban asilimia 60, na kila protini ina nitrojeni karibu asilimia 16. Ukifuata nitrojeni hiyo mpaka mwisho wa safari yake, gramu moja ya unga wa dagaa inaweza kuzaa miligramu 425 hivi za nitrati. Safari yenyewe ni hii: samaki hula, sehemu hujenga mwili, nyingine hutoka kama amonia kupitia matamvua, kinachoanguka huoza na kutoa amonia pia. Bakteria wanaopenda oksijeni huigeuza amonia kuwa nitriti, wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, na hapo mnyororo unakwama, kwa sababu bakteria wanaoimalizia nitrati kuwa gesi ya nitrojeni hufanya kazi hiyo pale tu pasipo na oksijeni, ndani kabisa ya mawe yenye vinyweleo na chini ya mchanga. Nafasi hizo kwenye tangi ni chache kuliko zile za juu. Ndiyo maana tangi lenye amonia sifuri na nitriti sifuri linaweza kuwa na nitrati 80: nusu ya kwanza ya kazi inafanyika barabara, nusu ya pili haina wafanyakazi wa kutosha.

Nusu kijiko cha chai kwa siku ni gramu 1 hivi, lakini "hivi" hiyo ndiyo tatizo, maana kijiko cha mlinzi wa usiku si kijiko chako. Tafuta mizani ndogo ya aina wanayotumia wanunuzi wa dhahabu Chunya, upime. Lengo ni nusu gramu kwa siku kwa samaki wako wote sita. Na usiwape unga. Chekecha: kinachopita kwenye chujio la chai ni vumbi ambalo samaki hawalishiki, linakwenda moja kwa moja kwenye sponji na mchanga kuoza. Tumia vipande vilivyobaki juu ya chujio, viloweke dakika tano kwenye kikombe cha maji ya RO, mwaga yale maji ya kahawia yenye mafuta, kisha lisha kidogokidogo. Chakula kinachogusa mchanga kabla hakijaliwa kimezidi. Kangaja ni mla mwani, dagaa si chakula chake cha asili. Mpe kipande cha mwani mkavu usio na chumvi wala viungo, ukikosa, jani la letusi lililochovywa kwenye maji ya moto. Na mfanyakazi mmoja tu ndiye alishe. Kwenye tangi la mapokezi, kila anayepita huona samaki wana njaa, na Nemo huomba hata akiwa ameshiba.

Sponji. Hofu ya kuua bakteria inaeleweka, ila bakteria wengi wa tangi la miaka miwili wanaishi kwenye mawe na mchanga, si kwenye sponji. Sponji isiyooshwa ni ghala la mavi na mabaki ya chakula yanayooza humohumo, maji yakipita juu yake saa 24. Ioshe kila baada ya siku tatu kwenye ndoo ya maji ya tangi uliyotoa, ikamue mpaka maji yatoke meupe, irudishe. Safari ya kwanza utatoa tope jeusi. Kwa hiyo kwa kuanzia fanya nusu ya sponji wiki hii, nusu wiki ijayo. Mchanga nao ufyonze kwa mpira robo ya eneo kila wiki. Kama una mahali ambapo kina cha mchanga kimezidi sentimita 10, hapo usifukue. Gesi yenye harufu ya yai viza hukusanyika chini na ikitoka kwa mkupuo inaua.

Kubadilisha maji: lita 60 kila wiki, asilimia 20. Changanya siku moja kabla kwenye pipa la plastiki lililokuwa la chakula, usitumie lililokuwa la sabuni au dawa za shamba. Weka maji ya RO kwanza, washa pampu na hita hadi nyuzi 25, ndipo umimine chumvi maalumu ya matangi ya bahari kama kilo 2.3, polepole. Chumvi ya mezani haifanyi kazi hii. Acha izunguke saa 24, pima uzito wa maji ukilinganishwa na maji matamu: usome 1.025. Pima pia alikali (uwezo wa maji kuzuia asidi, hupimwa kwa dKH) ya tangi na ya maji mapya, kwa sababu utengenezaji wa nitrati hula alikali, na tangi lililokaa na 80 kwa miezi mara nyingi limeshuka. Kinachoumiza matumbawe siku ya kubadilisha maji mara nyingi si kushuka kwa nitrati, ni kuruka kwa alikali. Maji mapya yakiwa dKH 11 na tangi likiwa 6, asilimia 20 italipandisha kwa dKH 1 tu, wanavumilia. Ukibadilisha nusu, linapanda 2.5 kwa saa moja, na ncha za matumbawe magumu zinaweza kuungua. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kukataa ushauri wa nusu kwa mkupuo. Tena kwa maji ya kisima ungeshuka hadi 50 na kurudi ulikotoka.

Ukifanya haya, kinachoingia kinabaki miligramu 620 hivi kwa wiki, nusu ya zile 1,240 za chakula. Gawanya kwa 60: utagota kwenye 10. Hutafika haraka. Kila Jumamosi kabla ya kubadilisha unatarajia kuona takriban 66 wiki ya kwanza, 39 wiki ya nne, 22 wiki ya nane, 15 wiki ya kumi na mbili. Namba zako zikiwa juu ya hizi kwa mbali, kuna chakula kinachoingia bila wewe kujua, au kuna kitu kimekufa nyuma ya mawe. Hesabu samaki na konokono.

Nirudi kwenye ushauri uliopewa. Kuchemsha hakuondoi nitrati hata kidogo. Maji hupungua kwa mvuke na nitrati iliyobaki hukolea. Mkaa wa chujio hauishiki nitrati, dawa ya kuondoa klorini haihusiki nayo. Maji ya bahari kutoka Dar ni safari ya kilomita zaidi ya 800, lita 60 kila wiki, kwenye madumu yaliyofungwa na kupata joto njiani. Viumbe vidogo vilivyomo hufa na kuoza kabla ya Makambako, na yakichotwa karibu na mji huja na uchafu wa mji. Chumvi ya kuchanganya ni nafuu na ya kutabirika.

Siki nataka niikalie kidogo, maana ndiyo inayovutia. Inafanya kazi kweli. Ukiweka chakula chepesi cha kaboni majini, bakteria huzaana kwa kasi, na ili kujenga miili yao huchukua nitrati na fosfati kutoka kwenye maji. Skima huwatoa pamoja na povu. Kwa lita 300 watu huanza na mililita 2 kwa siku za siki nyeupe isiyo na rangi ya asilimia 5, asubuhi taa zikishawaka, wakiongeza mililita 2 kila wiki mpaka nitrati ianze kushuka, hapo wanasimama. Ulanzi na vileo vyenye viungo tuviache kwa wanywaji.

Ila maelekezo hayo yameandikwa na watu wanaoishi usawa wa bahari. Maji ya bahari ya nyuzi 25, yakiwa pwani, hubeba oksijeni takriban miligramu 6.7 kwa lita yakishiba kabisa. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu; hewa ni nyepesi, na maji hayohayo hushiba kwenye 5.5 hivi. Njombe na Makete, kwa kuwa ziko juu zaidi, oksijeni hupungua zaidi. Umeshaanza na akiba pungufu kwa karibu moja ya tano. Ongeza kundi la bakteria wanaopumua usiku kucha, matumbawe na mwani navyo vikipumua gizani, kisha umeme ukatike saa nane usiku: skima imezima, pampu imezima, na ikifika alfajiri, saa ambayo oksijeni huwa chini kuliko zote, samaki wako juu wakihema. Pwani mtu huyo angeponea chupuchupu. Uyole hana nafasi hiyo. Kwa hiyo msimamo wangu: siki isubiri mpaka uwe na pampu ya hewa ya betri inayojiwasha umeme ukikatika, na mpaka wiki ya kumi na mbili ipite. Uwezekano mkubwa ni kwamba hutaihitaji tena. Pampu hiyo ya betri inunue hata kama siki hutaitumia, na usiku wa baridi umeme ukikatika lifunike tangi blanketi pande tatu, uache juu wazi kwa ajili ya hewa.

Ukitaka msaidizi asiye na hatari, panda mwani wa nyuzi kwenye tangi la chini (lile dogo la chujio), taa yake iwake usiku ile kubwa inapozimwa. Mwani unaopokea mwanga hutoa oksijeni wakati tangi linaihitaji zaidi. Vuna kila wiki, kwa maana ni ule uliotolewa ndio unaotoka na nitrati. Gramu 100 mbichi zilizokamuliwa zinaweza kuondoka na karibu gramu 1 ya nitrati. Njia nyingine ya taratibu ni mawe mepesi ya volkano ya Rungwe, yale yanayoelea na watu huyasugulia miguu. Vinyweleo vyake ni makazi mazuri ya wale bakteria wasiotaka oksijeni. Chagua meupe au ya kijivu, acha yenye kutu nyekundu, yaloweke wiki mbili kwenye maji ya RO ukibadilisha maji, pima fosfati ya maji ya mwisho, ndipo uyaweke mahali pa mkondo wa polepole. Usitarajie matokeo kabla ya miezi kadhaa. Lakini usimtume mtu wa pwani akuvunjie mawe ya matumbawe baharini. Matumbawe magumu yanalindwa, yamo hata kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na biashara yake bila kibali ni kosa.

Usifukuzie sifuri. Matumbawe yaliyozoea rutuba yakinyimwa ghafla hupauka, na nitrati na fosfati zote zikifika sifuri hujitokeza utando wa kahawia wenye mapovu ambao ni mgumu kuutoa kuliko tatizo la mwanzo. Nitrati kati ya 5 na 15, fosfati kati ya 0.03 na 0.1, baki hapo.

Mwite mtu aje tangini, daktari wa mifugo anayejua samaki au fundi wa matangi, ukiona amonia au nitriti inasoma chochote zaidi ya sifuri, samaki wakihema juu ya maji mchana, au nyama ya matumbawe ikianza kuchunika na mifupa meupe kuonekana. Ukisikia mtekenyo wa umeme ukigusa maji, zima kila kitu kwenye swichi kuu, muite fundi umeme kabla hujaweka mkono tena. Na maji ya kisima yapeleke maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji hapo Mbeya: lita 1 kwenye chupa safi, ikae kwenye baridi, ifike siku hiyohiyo au kesho yake. Waombe nitrati kwa jina. Hilo si la samaki tu. Mgeni akija na mtoto mchanga anayetengenezewa maziwa ya unga, maji yaliyovuka 50 yanaweza kuizuia damu yake kubeba oksijeni, na kama nilivyosema, kuchemsha hakusaidii.